Maziwa Hayamwagwi

Tarehe 3 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Tangu uhamie karakana yako mpya, sisi huku tupo. Paa linavuja palepale ulipoahidi kupaziba, mdogo wangu amefaulu mtihani wake wa ushonaji, na Kinyozi, fundi wetu wa mashine ya kusaga vyuma, mkewe amejifungua mapacha, kwa hiyo siku hizi anasinzia akiwa amesimama. Wote wanakusalimu. Mama anakusalimu kuliko wote, maana kwake wewe bado ni yule mdogo wake aliyembeba mgongoni wazazi wenu walipofariki.

Sasa kwa nini naandika. Nimekupigia simu mara nyingi, na kila nikitamka neno "tangi" unakata. Halafu unasema mtandao mbaya. Mtandao gani huo unaochagua maneno? Barua haina kitufe cha kukatia. Nimempa dereva wa lori linalokuletea vyuma, na nimemwambia asiondoke mpaka uifungue.

Mjomba, maziwa yameoza.

Najua utacheka, maana jina lenyewe lilianza kwa mzaha. Siku ya kwanza ulipochanganya mafuta ya kupoozea mashine na maji, yakageuka meupe pe, mama akashika kiuno akacheka: "Mdogo wangu kanunua ng'ombe wa chuma!" Tangu hapo hakuna anayeyaita mafuta. Na wewe ukauchukua ule usemi wake wa utotoni, kwamba maziwa hayamwagwi, ukaufanya sheria ya karakana. Yakipungua, ongeza. Yakinuka, ongeza. Tangi lile halijawahi kukauka tangu lijengwe.

Leo si meupe tena. Yana rangi ya maji ya kuoshea vyombo, na juu yana utando wa kahawia. Jumatatu asubuhi, mashine zikiwa zimelala tangu Jumamosi, ukifungua mlango unapokelewa na harufu ya yai viza. Tukiwasha pampu yanakipiga chuma kinachozunguka, yanageuka ukungu, na ukungu huo tunauvuta kutwa. Mimi nasimama mbele ya mashine ya kukereza, walau uso wangu uko juu. Mama ndiye anayeinama kwenye tangi. Anazoa chenga za chuma kwa mikono mitupu, anaongeza maji kwa ndoo, anafuta mashine kwa tambara alilochovya humohumo.

Mama anakohoa. Na kikohozi chake kinajua siku: akipumzika nyumbani kinapoa, Jumatatu kinarudi. Umewahi kusikia mafua yanayokwenda kazini?

Nataka ruhusa tu. Tusimamishe mashine, tuyatoe yote, tulisugue tangi, tuchanganye mapya kwa kipimo, tuweke kifuniko na feni ya kuvuta ukungu nje. Nijibu.

Mpwa wako

*

Tarehe 27 Februari

Mpwa wangu Kichwa Kigumu,

Marahaba. Hongera kwa mshonaji, na mwambie Kinyozi mapacha ni baraka ila asisinzie karibu na jiwe la kusagia, bado namhitaji na vidole vyake. Huku karakana mpya inakwenda mbio. Mashine zote zinafanya kazi, na wateja wanapanga foleni mpaka nje.

Sasa wewe. Karakana si duka la manukato. Chuma kinanuka, grisi inanuka, na fundi aliyefanya kazi kweli ananuka. Mimi maziwa hayo nimeyanawa, nimeyakanyaga, yameniingia machoni, na mpaka leo nadunda. Dada ana kifua kibovu tangu utotoni. Alikohoa hata kabla sijajua chuma ni nini. Kumwaga tangi zima maana yake mashine zilale, na mashine zikilala mnakula nini, hasira zako?

Kama shida ni harufu, dawa ipo. Tieni dawa ya kusafishia choo, ile kali, galoni zima. Chooni inaua harufu, tangini itashindwaje? Atie dada mwenyewe, yeye hana ubishi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Mjomba wako

(Salamu kutoka kwangu pia, mke wa mjomba. Nimeandika mimi, mwenyewe ana shughuli.)

*

Tarehe 16 Machi

Mjomba,

Shikamoo, na shikamoo mkaza mjomba, mwandiko wako mzuri nimeutambua kabla sijafika kwenye mabano. Mapacha wa Kinyozi wamepata majina, ila kila mmoja anawachanganya, baba yao akiwa wa kwanza.

Tangu lini una shughuli za kukuzuia kushika kalamu? Wewe uliyekuwa ukiandika vipimo vya wateja ukutani, juu ya meza, mpaka kwenye mkono wa shati la Kinyozi? Jibu hilo.

Na hili la dawa ya choo limenitia hasira mpaka nikaenda kwa muuza mafuta aliyekuuzia pipa. Nilimsomea barua yako. Alidhani namtania. Amesema kilichomo tangini ni wadudu wasioonekana, wanakula mafuta na wanazaana zikilala mashine. Sisi tukiongeza maji matupu tunayapunguza nguvu mafuta, ni kama kuwaandalia meza. Dawa ya choo ikikutana na uozo ule na yale mafuta inaweza kutoa mvuke unaochoma mapafu. Amesema mafuta hutiwa kwenye maji safi, si maji kwenye mafuta, na kuna kidude cha kuchungulia kama darubini ndogo kinachoonyesha kama mchanganyiko umekolea inavyotakiwa. Maneno yote hayo yameandikwa ubavuni mwa pipa, mjomba. Lile pipa tulilolifanya kiti.

Nimemkataza mama asiitie dawa hiyo. Kinyozi naye alianza kuvaa glavu baada ya vidole kuota ukurutu, nimemvua kwa nguvu: glavu ikinaswa na kinachozunguka inaondoka na mkono mzima. Anapaka mafuta ya ngozi na ananawa kwa sabuni, si kwa maziwa kama ulivyotufundisha. Na nimemnyang'anya bomba la upepo, alikuwa anajipulizia nguo kila jioni na kuturushia ukungu wote usoni.

Hayo ni ya juujuu. Tangi bado linasubiri neno lako. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini huyu anayeubeba si mwenzio tu, ni dada yako.

Mpwa wako

*

Tarehe 9 Aprili

Mjomba,

Barua hii haina salamu. Ukizikosa, kaziokote tangini.

Ulimpigia mama. Mimi unanikatia, yeye ukampigia. Ukamwambia mpwa wako ana kiburi, anataka kuua karakana ya ukoo, na ukamalizia, "Wewe dada yangu ndiye niliyebaki naye." Najua ulivyosema kwa sababu amenisimulia mwenyewe, kwa maneno machache machache, akiwa na bomba la hewa puani.

Kesho yake aliwahi karakana kabla yetu. Hakufungua madirisha kwa sababu hakutaka nione. Akainama akamimina galoni zima la dawa ya choo, na kwa kuwa wewe ulimwambia akoroge vizuri, akakoroga. Kinyozi alipofika alimkuta amekaa sakafuni ameshika kifua, macho yanamtoka machozi, ndoo imepinduka pembeni. Alimbeba nje kama mtoto. Kinyozi yule unayemwita mzembe.

Daktari amesema mvuke ule ulimalizia tu. Kifua kilikuwa kimeshaharibiwa na ukungu wa siku nyingi. Aliniuliza mgonjwa anafanya kazi gani, nikamwambia anakamua ng'ombe wa chuma. Sikuweza kusema vingine kwa hasira.

Yaliyomo tangini nimeyatoa yote bila ruhusa yako. Umesikia? Nimeyamwaga maziwa. Chini tulikuta tope jeusi linalovutika kama gundi, vipisi vya sigara, matambara, na kandambili moja ya mguu wa kushoto ambayo nadhani ni yako. Kinyozi alitaka tuyamwage mtaroni, nikamwambia mtaro unashuka kwenye visima vya watu. Tumeyafunga kwenye mapipa, na wale wanaokusanya mafuta machafu wamekuja kuyachukua.

Mashine zimelala. Zitaamka nikiridhika.

Mpwa wako, ikiwa bado unalitaka neno hilo

*

Tarehe 21 Mei

Mpwa wangu,

Sijapata salamu, nami sitoi. Mlezi gani alikufundisha kumwandikia mjomba wako hivyo? Nimekaa na barua yako mpaka nikaikunja ikachakaa. Dereva wa lori ameniuliza mara mbili kama kuna majibu, nikamfukuza.

Nani alikuruhusu kusimamisha mashine? Karakana ile nimeijenga mimi. Kila boliti iliyomo nimeikaza kwa mkono huu. Wateja wa siku zote wananipigia huku kuuliza kwa nini mlango umefungwa. Unadhani mimi nilitaka dada aumie? Nilimwambia atie dawa, sikumwambia afunge madirisha. Hata muuza mafuta wako anatisha watu ili auze pipa jipya. Ukiwa na kichwa kigumu kiasi hicho, tafuta karakana yako ukakiweke huko. Mwezi ujao ukiisha nataka ufunguo umkabidhi Kinyozi.

Dada anaendeleaje? Nampigia hapokei.

Mjomba wako

(Mpwa wangu, mjomba wako ametoka nje kuvuta hewa, naandika haraka. Amenikataza, lakini nimechoka kuficha. Mikono yake imepasuka mpaka inatoka damu. Hawezi kushika kalamu, vifungo vya shati namfunga mimi, usiku anajikuna mpaka shuka linakuwa na madoa. Ilianza hata kabla hatujahama huko, alikuwa anawaambia ni baridi. Na tulipohama alibeba madumu mawili ya yale maziwa ya zamani, akayamimina kwenye tangi jipya, eti lianze vizuri, kama mtu anayegandisha maziwa kwa kutia ya jana. Mafundi wa huku nao wameanza kujikuna. Ukimwambia nimekuambia, tutagombana, lakini mwambie.)

*

Tarehe 12 Juni

Mkaza mjomba, shikamoo. Asante, na nakuomba radhi kwa ugomvi ninaouanzisha sasa. Mpe karatasi hii. Kama hawezi kuishika, msomee kwa sauti, na usiruke mstari.

Mjomba,

Salamu za kukupa bado sijazipata.

Kwa hiyo unadunda! Uliniandikia kwamba unadunda, huku mkeo anakufunga vifungo! Mficha maradhi kilio humuumbua, na wewe umeficha yako, halafu umetaka na mama afiche yake. Mkeo akakuandikia, eti una shughuli, na nilipokuuliza shughuli gani ukalipita swali. Ulijua, mjomba. Mikono yako ilikuwa inakwambia kila usiku, na kila asubuhi unamwambia dada yako ana kifua kibovu tangu utotoni.

Na yale madumu! Nimecheka peke yangu mpaka mama akaamka, na si cheko la furaha. Umebeba uozo safari nzima, umeutia kwenye tangi jipya kama mtindi. Nani mwingine duniani angefanya hivyo? Mtu tu aliyesahau kwamba lile lilikuwa jina la mzaha. Tuliyaita maziwa, ukayaamini ni maziwa. Mama alisema maziwa hayamwagwi kwa sababu nyinyi mlikuwa na njaa, mjomba. Hakusema kwa ajili ya mafuta ya mashine.

Ufunguo sitoi. Nimemuuliza Kinyozi kama anautaka, akasema ukimpa atautupa kisimani. Mashine zimeamka wiki iliyopita. Tangi tumelisugua mpaka tukaona chuma chake, tumelitilia kifuniko na wavu wa kuzuia chenga. Kila asubuhi mmoja wetu anachungulia kidude, na kila siku tukifunga kazi tunaondoa mafuta machafu yanayoelea juu. Hakuna wa kuchovya tambara wala mkono, na hakuna wa kutupia kipisi. Feni inavuta ukungu nje kwa kelele kama mkwe mwenye kinyongo, lakini inavuta. Jumatatu nilifungua mlango nikanusa, nikanusa tena. Hakuna kitu. Nilisimama mlangoni nikalia kwa hasira, maana ilikuwa rahisi hivyo.

Sasa fanya hivyohivyo kwako. Usiongeze, usipunguze, usitie dawa. Toa yote. Sugua. Wapeleke mafundi wako kwa daktari kabla hawajapata mpwa mwenye kalamu. Na wewe nenda nao.

Kuhusu mama na simu, usiniulize.

Mpwa wako

*

Tarehe 30 Agosti

Mpwa

Naandika mwenyewe. Usicheke mwandiko. Nimefungwa bandeji na kalamu inateleza.

Nimekukasirikia sana na bado. Mtoto hamwambii mtu mzima mambo yale. Mke wangu alisoma mstari kwa mstari kama ulivyoagiza, nikatoka nje, akanifuata nje akiendelea kusoma. Mafundi wote wamesikia.

Daktari amesema nisiguse mafuta tena. Labda kabisa. Nimeshika chuma tangu ndevu hazijaota. Sasa nakaa kwenye kiti nawaonyesha wengine kwa kidole, na kidole chenyewe kimefungwa.

Jana nimeyamwaga. Sikumwachia mtu. Nilivaa glavu ndefu, mashine zote zimezimwa, usinigombeze. Yametoka meusi. Chini kuna lile tope ulilosema. Nilikaa juu ya ndoo nikamkumbuka dada alivyoshika kiuno siku ile akacheka. Nilikuwa na fahari siku ile, wewe. Hujui.

Lile unalotaka niliseme sitaliandika kwako. Si lako. Nitamwambia mwenyewe.

Muulize kama atapokea simu. Nijibu ndipo nipige. Sitapiga kabla.

Mjomba

*

Tarehe 14 Septemba

Mjomba,

Shikamoo.

Usiielewe vibaya. Sijakusamehe, nisikudanganye. Shikamoo ni ya umri wako na ya ile kazi ya kumwaga kwa mkono wako. Mke wa mjomba naye shikamoo, na mwambie kusoma kwa sauti mpaka nje sikumwagiza, hilo alilibuni mwenyewe na nimempenda zaidi.

Habari za huku: mdogo wangu ameanza kupata wateja, na anatushonea aproni zisizopitisha maji. Mapacha wanakaa sasa bila kushikwa. Mikono ya Kinyozi imepona karibu yote. Ameandika ubavuni mwa tangi kwa rangi nyekundu, herufi kubwa kama za duka: HAYA SI MAZIWA. Anayeteleza akayaita maziwa anafagia karakana nzima. Mimi nimefagia mara mbili.

Paa bado linavuja. Tutaziba wenyewe.

Sasa mama. Nilikuambia usiniulize kwa sababu nilitaka uteseke kwa kutojua, na pia kwa sababu kila nikianza kuandika nilikuwa nachana karatasi. Daktari amesema mapafu yana makovu, na kovu halirudi kuwa ngozi. Hatarudi karakana. Anakaa barazani, anachambua mboga, akiinuka kwenda jikoni anapumzika njiani, mkono ukutani. Yule aliyekuwa akikuita kutoka ng'ambo ya uwanja mashine zote zikiwa zinanguruma, na ukamsikia. Siku hizi hata paka anambembeleza kwa mkono aje, hamwiti.

Nimemuuliza. Alikaa kimya muda, nikadhani amekataa. Kumbe alikuwa anakusanya pumzi. Akasema, "Mwambie apige."

Basi piga Jumapili mchana, hapo kifua huwa kimetulia. Simu nitamwekea sikioni, nitatoka nje, siyo mambo yangu. Lakini nisikilize vizuri, mjomba, maana nakujua.

Usianze kujitetea. Usimwambie habari za wateja. Usimtajie kifua cha utotoni. Sema lile lako, halafu nyamaza umwache naye aseme. Ataongea maneno mawili matatu, kisha utasikia kimya. Utadhani mtandao mbaya. Utadhani amemaliza, au amekasirika.

Usikate. Anavuta pumzi. Subiri.

Mpwa wako